Karen Blixen: Mwandishi aliyeandamwa na maradhi ya ndoa hadi uzeeni

MTAA wa Karen, ulio viungani mwa jiji la Nairobi, unasifika kwa majumba ya kifahari, bustani pana na miti mirefu. Ndani yake mna nyumba kongwe ya mawe iliyojengwa mwaka wa 1912, ambayo sasa ni makavazi, na wageni kutoka pembe zote za dunia huizuru ili kujionea mahali alipoishi mwandishi Karen Blixen.

Wageni hao huonyeshwa samani za zamani, mitambo ya kahawa na mandhari ya kupendeza ya vilima vya Ngong. Wengi wao huwa wamesoma kitabu chake kiitwacho Out of Africa au wametazama filamu ya jina hilo iliyotolewa mwaka wa 1985, ambayo ilizoa tuzo saba za Oscar.

Hata hivyo, nyuma ya pazia la sifa hizo kuna kisa cha huzuni. Mwanamke huyo aliambukizwa kaswende katika mwaka wake wa kwanza wa ndoa, akiwa ugenini, na ugonjwa huo pamoja na dawa za enzi hizo ukamfuata hadi uzeeni.

Karen Christentze Dinesen alizaliwa Aprili 17, 1885, katika boma la Rungstedlund, kaskazini mwa mji wa Copenhagen nchini Denmark. Babake, Wilhelm Dinesen, alikuwa mwanajeshi, mwandishi na mbunge. Mamake, Ingeborg Westenholz, alitoka katika ukoo wa wafanyabiashara matajiri walioshikilia maadili ya dini kwa dhati.

Karen alimpenda babake kupita kiasi. Mwaka wa 1895, kabla msichana huyo hajafikisha umri wa miaka kumi, Wilhelm alijitia kitanzi. Baadaye ilikuja kuaminiwa miongoni mwa jamaa zake kwamba mzee huyo alikuwa na kaswende na kwamba aliogopa aibu na mateso ambayo yangefuata. Wakati huo hakuna aliyemweleza binti huyo mdogo lolote kuhusu jambo hilo.

Alipokuwa msichana, Karen alisomea uchoraji na akaanza kuandika hadithi fupi. Moyo wake ulimwangukia Hans von Blixen-Finecke, kijana wa ukoo wa kibwanyenye kutoka Uswidi ambaye alikuwa jamaa yake wa mbali. Hans hakumjali. Mwishoni mwa mwaka wa 1912, Karen alikubali kuposwa na pacha wa Hans, Bror, mwanamume mcheshi, mpenda uwindaji na asiyejua kutunza pesa.

Wawili hao waliamua kutafuta maisha katika himaya ya Uingereza ya Afrika Mashariki, ambayo leo ni Kenya. Bror alitangulia na kununua shamba kwa pesa za jamaa za mchumba wake. Karen alifuata kwa meli na kutia nanga Mombasa Januari 1914. Mnamo Januari 14 walifunga pingu za maisha katika mji huo, na miongoni mwa mashahidi alikuwa Mwanamfalme Wilhelm wa Uswidi. Tangu siku hiyo bintiye Dinesen akaitwa Baronesi Blixen.

Ndoa ilianza kwa matumaini. Maharusi walisafiri kwa reli hadi Nairobi, wakaanza kulima kahawa chini ya vilima vya Ngong na kwenda mbugani kuwinda. Miezi michache baadaye, Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia vikazuka. Bror alijiunga na kikosi cha upelelezi karibu na mpaka wa himaya ya Wajerumani, naye Karen akasimamia misafara ya magari ya kukokotwa na maksai iliyopeleka vyakula na vifaa kwa wapiganaji.

Ni katika kipindi hicho ambapo afya yake ilianza kuzorota. Mwanzoni dalili zake zilidhaniwa kuwa za malaria, ugonjwa uliokuwa wa kawaida miongoni mwa walowezi. Mapema mwaka wa 1915, daktari mjini Nairobi alimpima na kumweleza ukweli mchungu: alikuwa na kaswende.

Kwa mujibu wa waandishi wa wasifu wake, mumewe ndiye aliyemwambukiza. Bror alijulikana kwa uhusiano wake na wanawake wengi, wakiwemo wake za marafiki zake. Baadhi ya simulizi za walowezi ziliwanyooshea kidole wanawake wa Kimaasai, lakini hakuna ushahidi uliowahi kutolewa kuhusu chanzo hicho. Ilikuwa rahisi kwa jamii ya wakoloni kuwatwika Waafrika lawama ambayo ingeweza kuwa ya watu wa jamii yao wenyewe.

Jambo lililowashangaza wengi ni kwamba Bror hakuonekana mgonjwa hata kidogo. Aliendelea kuwinda, kunywa na kusafiri kama kawaida, na alifariki mwaka wa 1946 nchini Uswidi kutokana na ajali ya gari. Watu wasioielewa kaswende huenda wakaona hilo kuwa kitendawili, ilhali ndivyo ugonjwa huo ulivyo.

Kaswende husababishwa na kijidudu chembamba kilichopindapinda mfano wa skurubu, ambacho kiligunduliwa mjini Berlin mwaka wa 1905 na wanasayansi Fritz Schaudinn na Erich Hoffmann. Huambukizwa hasa kupitia ngono. Takriban wiki tatu baada ya maambukizi, kidonda kimoja hujitokeza mahali kijidudu kilipoingilia, mara nyingi kwenye sehemu za siri.

Kidonda hicho kwa kawaida hakiumi. Kwa mwanamke kinaweza kujificha ndani ya uke au kwenye mlango wa kizazi asikione kabisa. Baada ya wiki chache hupona chenyewe, na mgonjwa hudhani ameponyoka, kumbe ugonjwa umeingia katika damu.

Hatua ya pili huja na vipele mwilini, ambavyo aghalabu havina mwasho na vinaweza kutokea hata kwenye viganja na nyayo. Huandamana na homa, uchovu, kuvimba kwa tezi na wakati mwingine kunyonyoka nywele. Vipele hivyo navyo hutoweka hata bila dawa. Baada ya hapo mtu anaweza kuishi miaka mingi bila dalili yoyote, kisha kwa baadhi ya wagonjwa ugonjwa ukachipuka tena na kushambulia moyo, ubongo, uti wa mgongo au mifupa.

Kwa sababu hiyo, mume anaweza kuonekana mzima wa afya ilhali mkewe anateseka. Anaweza pia kumwambukiza bila yeye mwenyewe kujua, hasa katika miaka ya kwanza ya ugonjwa ambapo maambukizi huenea kwa wepesi zaidi.

Daktari wa Nairobi alimpa Karen vidonge vya zebaki, dawa iliyokuwa imetumika Ulaya kwa karne nyingi. Zebaki ni sumu. Huharibu fizi na meno, hudhuru figo na neva, na humdhoofisha mgonjwa kabla ya kumsaidia. Alipoona hali haibadiliki, Karen alifunga safari ya kurudi Ulaya mwaka wa 1915 huku bahari zikiwa na hatari za vita. Alipitia Paris, kisha akaelekea kwao Denmark.

Mjini Copenhagen alihudumiwa na Daktari Carl Rasch, mtaalamu wa magonjwa ya ngozi na zinaa. Huko alipewa Salvarsan, dawa iliyoanza kuuzwa mwaka wa 1910 baada ya utafiti wa Mjerumani Paul Ehrlich na Mjapani Sahachiro Hata. Ilikuwa dawa ya kwanza iliyotengenezwa mahususi kukishambulia kijidudu cha kaswende, na ilionekana kama muujiza. Hata hivyo, ilitengenezwa kwa arseniki, sumu nyingine kali.

Karen hakutaka mamake ajue ugonjwa uliomleta nyumbani. Katika familia iliyojengwa juu ya misingi ya maadili makali, na ambayo ilimpoteza baba kwa kujitoa uhai, kulitaja jina la maradhi hayo kulikuwa muhali. Familia iliambiwa kwamba alikuwa na ugonjwa wa nchi za joto. Aliyeambiwa siri hiyo baadaye ni nduguye Thomas, askari aliyetuzwa nishani ya Victoria Cross kwa ushujaa wake katika vita hivyo.

Wengi wangetarajia kwamba Karen angemwacha Bror papo hapo. Hakufanya hivyo. Alirudi naye Afrika, wakahamia mwaka wa 1917 katika nyumba ya mawe ambayo leo ni makavazi, na akaendelea kuitwa Baronesi. Katika barua aliyomwandikia Thomas mwaka wa 1926, alidokeza kwa namna ya mzaha mchungu kwamba kupata cheo cha ubaronesi huenda kulistahili kulipiwa hata kwa ugonjwa huo.

Shamba nalo halikuleta faida iliyotarajiwa. Lilikuwa katika mwinuko mkubwa mno kwa kahawa, mvua zilikuwa za kusuasua, na mwaka wa 1923 kiwanda cha kahawa kiliteketea. Madeni yalimzidi Bror, na mwaka wa 1921 wenye hisa katika kampuni hiyo, ambao wengi walikuwa jamaa za Karen, walimwondoa katika usimamizi na kumkabidhi mkewe. Wawili hao walitengana mwaka huo, na talaka ikakamilika mwaka wa 1925.

Akiwa peke yake, Karen aliendesha shamba lenye mamia ya Wakikuyu walioishi humo kama maskwota. Msaidizi wake mkuu alikuwa Farah Aden, Msomali aliyekaa naye hadi siku ya kuondoka. Alianzisha shule ndogo ya watoto wa wafanyakazi, na asubuhi aliwatibu wagonjwa waliofika nyumbani kwake wakiwa na vidonda, homa na majeraha ya moto.

Miongoni mwao alikuwa Kamante Gatura, mtoto aliyekuwa na vidonda vibaya miguuni. Karen alijaribu kumtibu bila mafanikio, kisha akampeleka katika hospitali ya wamishonari wa Kiskoti huko Kikuyu, ambako alipona. Kamante alirudi akawa mpishi wake stadi. Mwanamke aliyewaganga wengine mchana alikuwa akipambana usiku na maumivu ya tumbo na ya mgongo ambayo hakuweza kuyataja hadharani.

Katika miaka hiyo aliingia katika mapenzi na Denys Finch Hatton, Mwingereza mwindaji na rubani ambaye walikutana mara ya kwanza mwaka wa 1918. Karen alitamani mno kupata mtoto, lakini hakujaliwa. Wasifu wake unaeleza kwamba aliamini kuwa alishika mimba ambazo hazikudumu. Iwapo ugonjwa ulichangia au la, hilo halijathibitishwa, ingawa inajulikana kwamba kaswende isiyotibiwa inaweza kusababisha mimba kuharibika au mtoto kuzaliwa akiwa na maambukizi.

Mwaka wa 1931 ulimletea misiba miwili kwa pamoja. Shamba liliuzwa kwa sababu ya madeni, na mnamo Mei 14 ndege ndogo ya Finch Hatton ilianguka na kuwaka moto huko Voi. Alizikwa katika vilima vya Ngong. Kabla ya kuondoka, Karen alizunguka katika ofisi za serikali ya kikoloni akiomba maskwota wake wasitawanywe, na hatimaye wakatengewa ardhi katika msitu wa Dagoretti. Kisha akapanda meli, akiwa na umri wa miaka 46, bila mume, bila mtoto na bila mali, akarudi kwa mamake. Hakuiona tena Kenya.

Huko Rungstedlund ndiko alikogeuka kuwa mwandishi. Akitumia jina la kiume la Isak Dinesen, alichapisha mkusanyiko wa hadithi uitwao Seven Gothic Tales nchini Marekani mwaka wa 1934. Mwaka wa 1937 kikafuata Out of Africa. Sifa zake zilienea hivi kwamba Ernest Hemingway alipotunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1954, alisema kwamba Dinesen alistahili kuipata.

Si wote waliomsifu. Ngugi wa Thiong'o, mwandishi maarufu wa Kenya aliyeaga dunia mwaka wa 2025, alimkosoa vikali kwa jinsi alivyowasawiri Waafrika, akiwafananisha mara nyingi na wanyama. Mjadala huo haujaisha, na ni sehemu ya urithi wake kama zilivyo sifa.

Linalogusa zaidi ni lile ambalo kitabu hicho hakisemi. Mumewe hatajwi ila kwa kupitia tu. Ugonjwa uliomfanya arudi Ulaya katikati ya vita haumo kabisa. Msomaji huona mawingu, simba na moto wa mekoni, lakini haoni zebaki wala kitanda cha hospitali.

Mwili wake, hata hivyo, haukusahau. Maumivu makali ya tumbo yalimrejelea kwa miongo kadhaa, na madaktari wa Denmark, akiwemo mtaalamu wa neva Mogens Fog, waliyahusisha na kaswende iliyoshambulia uti wa mgongo. Alipasuliwa mgongo ili kupunguza maumivu, na katika miaka ya 1950 akaondolewa sehemu ya tumbo kwa sababu ya vidonda. Alikonda akabaki mifupa na ngozi. Alipozuru Marekani mwaka wa 1959 na kushangiliwa kila alikopita, alikuwa akila chaza na zabibu na kunywa shampeni, kwani vyakula vingine vilimshinda.

Aliaga dunia Septemba 7, 1962, katika nyumba aliyozaliwa, akiwa na umri wa miaka 77. Mwili wake ulikuwa umedhoofika kwa kukosa lishe.

Miongo mitatu baadaye, madaktari na watafiti walichunguza upya rekodi za matibabu yake na kuibua maswali mazito. Walieleza kwamba vipimo alivyofanyiwa katika miaka ya 1920 havikuonyesha kuwa ugonjwa ungali hai, na kwamba huenda kaswende yake ilidhibitiwa mapema. Baadhi yao wanaamini kwamba mateso mengi ya baadaye yalitokana na zebaki na arseniki alizomeza na kudungwa, pamoja na maradhi mengine ya tumbo. Kwa maneno mengine, aliishi akiamini kwamba anauawa na ugonjwa wa mumewe, ilhali yawezekana kilichomtafuna zaidi kilikuwa dawa yenyewe na hofu.

Ajali yake kubwa ilikuwa kuzaliwa mapema. Mwaka wa 1943, daktari Mmarekani John Mahoney na wenzake walionyesha kwamba penisilini inaponya kaswende. Tangu wakati huo zebaki na Salvarsan zimebaki katika vitabu vya historia. Leo kaswende iliyogunduliwa mapema hutibiwa kwa kawaida kwa sindano moja ya penisilini, na wajawazito nchini Kenya hupimwa wanapohudhuria kliniki ili kuwakinga watoto walio tumboni.

Pamoja na hayo, ugonjwa wenyewe haujatoweka, wala siri iliyomtesa Baronesi haijatoweka katika nyumba nyingi. Si kila kipele cha sehemu za siri ni kaswende. Kinaweza kuwa upele, fangasi, malengelenge ya virusi vya hapesi au ngozi kuchukia sabuni. Macho peke yake hayawezi kutofautisha, na kupona kwa kidonda si ushahidi kwamba ugonjwa umekwisha. Kipimo cha damu ndicho kinachoamua kuhusu kaswende.

Isitoshe, kumtibu mmoja na kumwacha mwenzake ni sawa na kuteka maji kwa pakacha. Aliyepona anaweza kuambukizwa upya na mwenzake ambaye hana dalili, kwani kuugua kaswende mara moja hakumpi mtu kinga. Ndiyo maana wahudumu wa afya husisitiza kwamba wapenzi wote wawili wapimwe, watibiwe kwa wakati mmoja na wajiepushe na ngono hadi matibabu yakamilike. Mipira ya kondomu hupunguza hatari, ingawa haiwezi kukinga mahali ambapo haifuniki.

Waswahili walinena kwamba mficha uchi hazai, na mficha maradhi kilio humfichua. Wilhelm Dinesen alificha, na binti yake akaachwa yatima wa baba. Bror hakumwonya mkewe, iwe kwa kutojua au kwa kupuuza, na mkewe akalipa. Karen naye alimficha mamake, akauficha ugonjwa katika kitabu kilichompa umaarufu, na kweli ikajulikana kwa wengi baada ya barua zake na wasifu wake kuchapishwa.

Serikali ya Denmark iliikabidhi Kenya nyumba yake baada ya uhuru, na mwaka wa 1986 ikafunguliwa kama makavazi. Iwapo mtaa huo ulipewa jina kwa heshima yake au ya binamu yake aliyekuwa na jina lilo hilo, wanahistoria bado wanavutana. Yeye mwenyewe amelala chini ya mti mkubwa huko Rungstedlund, maelfu ya kilomita kutoka Ngong.